Je, Uingereza Ilikosea Kuiacha EM-2?

Katika mkusanyiko wa silaha wa Royal Armouries, mjini Leeds, zimo bunduki chache ambazo mtu asiyejua angezidhania za miaka ya themanini. Ni fupi, magazini imekaa nyuma ya triga, na pa kulengea pana darubini ndogo iliyojengwa ndani ya mpini wa kubebea. Kumbe zilibuniwa kabla Elizabeth II hajawa malkia. Jina lake ni EM-2. Serikali ya Uingereza iliipokea rasmi Aprili 1951, ikaiita Rifle No. 9 Mk 1, ikaitangaza kuwa mrithi wa Lee-Enfield, kisha ikaiacha kabla majeshi hayajagawiwa. Zilizopata kutengenezwa ni makumi tu.

Wapenzi wa silaha wanaililia hadi leo. Je, wana haki ya kulia? Nimewaketisha watu watatu wabishane. Wote ni wa kubuni, ila mambo wanayoyataja si ya kubuni. Wa kwanza ni injinia wa mitambo, mwanamke, anayeipenda bunduki hii jinsi wengine wanavyopenda saa za zamani. Wa pili ni sajini mstaafu wa jeshi la Kenya, aliyebeba G3 ya Kijerumani begani mpaka bega likazoea. Wa tatu ni mwalimu wa historia, ambaye haamini kwamba kuna chuma kisicho na siasa ndani yake.

INJINIA: Nianze na chuma chenyewe, maana watu hukimbilia Churchill kabla hawajaitazama bunduki. Kitako cha bunduki ya kawaida hakifanyi kazi nyingine zaidi ya kuegemea bega. Timu ya Enfield, ikiongozwa na Luteni Kanali Edward Kent-Lemon, iliamua kuitumia nafasi ile. Msanifu mkuu alikuwa Stefan Janson, Mpolandi ambaye jina lake la kwao ni Kazimierz Januszewski. Walirudisha chemba na magazini nyuma, ndani ya kitako. Matokeo yake, bunduki nzima ina urefu wa milimita 889 na mtutu wa milimita 623. SLR iliyokuja baadaye badala yake ina urefu wa milimita 1143, na bado mtutu wake ni mfupi kuliko wa EM-2 kwa sentimita saba hivi. Yaani bunduki imepungua robo mita bila kukata mtutu.

SAJINI: Robo mita naielewa, mwanangu. Ukishuka kwenye lori usiku na bunduki ndefu, inakamata kila kitu isipokuwa adui. Lakini niulize la mtu aliyewahi kulala chini na kufyatua. Mwenye mkono wa kushoto anafanyaje? Ganda linatoka wapi?

INJINIA: Kulia.

SAJINI: Pale pale shavuni pake.

INJINIA: Ndiyo, Mzee. Asingeweza kufyatulia bega la kushoto. Kila askari angefunzwa kutumia la kulia, apende asipende.

SAJINI: Na kwenye kona ya jengo ambayo inakutaka utokeze kushoto?

INJINIA: Ungejionyesha zaidi. Sitabisha. Bunduki zote za mtindo huu, zile wanazoziita bulpapu, zilikuwa na kasoro hiyo mpaka wasanifu walipopata njia za kugeuza upande wa kutolea maganda, au kuyatoa mbele au chini. Lakini hilo halikuiua EM-2. Kilichoiua ni risasi.

MWANDISHI: Hapa niingilie. Katika kila mazungumzo juu ya EM-2, mambo mawili hufungwa furushi moja: bunduki na risasi yake. Mtu anasifu risasi, msikilizaji anadhani bunduki imesifiwa. Nitawaomba wayatenganishe.

INJINIA: Vizuri. Risasi, basi. Baada ya vita, Uingereza ilikuwa bado inatumia .303, risasi ya mwisho wa miaka ya 1880, yenye ganda la ukingo unaojikwaa kwenye silaha za kujipakia zenyewe. Kati ya 1945 na 1947 jopo lilikaa kutafuta kipenyo bora. Aliyeliongoza ni Dkt. Richard Beeching.

MWALIMU: Beeching wa reli?

INJINIA: Huyohuyo. Mwaka 1963 ripoti yake ndiyo iliyofunga maelfu ya maili za reli Uingereza, na jina lake likawa tusi vijijini. Wachache wanajua kwamba kabla ya treni alishughulika na risasi. Jopo lake halikuuliza risasi inaweza kufika wapi. Liliuliza askari wa miguu anapigana kwa umbali gani kwa kweli. Jibu lilijulikana tangu vitani, na Wajerumani walikuwa wamelifanyia kazi kwa bunduki yao ya Sturmgewehr: mapigano mengi ya askari wa miguu ni ya chini ya mita mia tatu au mia nne. Sasa kwa nini umbebeshe mtu risasi ya kuua kwa mita elfu mbili? Wakatengeneza .280, milimita 7 kwa 43. Uzito wa kipande kinachoruka ni gramu 9 hivi, kasi yake mita 730 na ushei kwa sekunde. Nguvu yake ni pungufu kwa takriban robo ukilinganisha na 7.62 ya NATO iliyokuja baadaye, lakini inaizidi risasi ya Kalashnikov.

SAJINI: Robo hiyo mimi naijua kwa bega. G3, ambayo ni ya 7.62 hiyo, ina sehemu ya kuchagua, moja moja au mfululizo. Ukiweka mfululizo, risasi ya kwanza iko kwenye shabaha, ya pili juu ya shabaha, ya tatu unawinda kunguru. Tulifunzwa moja moja, na walimu wetu walikuwa na haki.

INJINIA: Umenisaidia, Mzee. Waingereza walipoipokea FAL ya Kibelgiji ya 7.62 na kuiita SLR, waliiondolea ufyatuaji wa mfululizo kabisa. Wamarekani walipotoa M14 yao mwaka 1957, nyingi ziligawiwa zikiwa zimefungwa zisiende mfululizo. Mataifa mawili yalilipia bunduki za kisasa, kisha yakawakataza askari wao kuzitumia kisasa. EM-2 na .280 yake ingetulia mkononi.

SAJINI: Ingetulia au ilitulia?

INJINIA: Ilitulia katika majaribio. Vitani haikwenda, kwa hiyo hapo sina la kukuambia.

SAJINI: Basi tuandike hivyo. Maana kuna tofauti kubwa kati ya mafundi watano wanaoifuta bunduki kila jioni na kijana aliyelala nayo topeni.

MWALIMU: Sasa niruhusiwe na mimi. Mnazungumza kana kwamba kulikuwa na hakimu aliyetazama shabaha na kupiga kura. Mwaka 1950 bunduki tatu zilijaribiwa Marekani, huko Aberdeen na Fort Benning: EM-2, FAL ya Wabelgiji, ambayo wakati huo nayo ilikuwa inatumia .280, na T25 ya Wamarekani wenyewe. Waamuzi waliona teke la .280 ni dogo, wakalalamika kwamba risasi inapinda sana ikienda mbali. Lakini uamuzi ulikuwepo kabla ya safari. Kanali René Studler, mkuu wa utafiti wa silaha ndogo wa jeshi la Marekani, alitaka kipenyo cha .30 na nguvu isiyopungua ile iliyoshinda Vita Kuu ya Pili. Walichokubali kupunguza ni ganda tu. Baruti mpya iliwawezesha kulifupisha kutoka milimita 63 hadi 51, nguvu ikabaki karibu ileile. Huo ndio ukarimu wote.

INJINIA: Waingereza nao walihangaika kuwaridhisha. Walinenepesha kitako cha ganda ili kilingane na cha Wamarekani, wakaiita .280/30. Baadaye wakajaribu maganda marefu zaidi na baruti nyingi zaidi. Kila walipopiga hatua moja kuelekea Washington, ile sababu ya kuwa na .280 ilizidi kuyeyuka.

MWALIMU: Na Washington haikusogea hata hatua moja. Hebu fikirini hali ya mwaka ule. Aprili 1951 Waziri wa Ulinzi, Emanuel Shinwell wa serikali ya Labour, anatangaza kwamba Uingereza itaipokea EM-2 hata kama wenzake hawataki. Mwezi huohuo, kwenye mto Imjin huko Korea, kikosi cha Gloucestershire kinazingirwa na Wachina kikiwa na Lee-Enfield za kukoki kwa mkono. Ukisoma habari hizo mbili kwenye gazeti moja, unaelewa kwa nini Shinwell alikuwa na haraka.

SAJINI: Na Churchill?

MWALIMU: Churchill alikuwa upinzani, akaishambulia hatua ile Bungeni. Hoja yake ilikuwa moja: NATO ina miaka miwili tu tangu kuundwa, na haiwezekani kila mwanachama awe na risasi yake. Agosti mawaziri wa Marekani, Uingereza, Kanada na Ufaransa walikutana Washington, wakaachana bila mapatano. Oktoba Churchill alishinda uchaguzi. Januari 1952 alikuwa Washington na Truman, na yaliyotangazwa ni kwamba hakuna atakayetoa bunduki mpya isipokuwa kwa majaribio, mpaka wakubaliane. Wote mnajua maana ya maneno hayo kwa nchi yenye madeni. EM-2 ilizikwa kwa lugha ya heshima.

SAJINI: Mwalimu, hapo unamwonea mzee yule. Mimi si mpenzi wa Churchill, babu yangu alikuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, na alinieleza mengi. Lakini kwenye hili la risasi naona alikuwa na kumbukumbu ambayo Injinia hana. Mwaka 1940, baada ya Dunkirk, Uingereza iliachwa bila silaha. Marekani ikawapelekea mamia ya maelfu ya bunduki za .30 kwa ajili ya Home Guard, raia wa kujitolea waliolinda nchi yao. Bunduki zile zinafanana sana na za Waingereza. Risasi haziingiliani. Ikabidi zipakwe mstari mwekundu ili mtu asitie .303 ndani yake. Mstari wa rangi! Usiku, mvua inanyesha, Wajerumani wako ng'ambo ya mlango wa bahari, na maisha yako yanategemea kama umeona rangi nyekundu. Aliyepitia hayo hawezi kushangilia risasi mpya ambayo ni taifa moja tu linaitengeneza.

INJINIA: Hoja nzuri.

SAJINI: Naongeza. Bunduki utainunua mara moja kwa miaka thelathini. Risasi unainunua kila mwaka, kila zoezi, kila doria. Vita vya Ulaya vikizuka, viwanda vya kuitengeneza kwa mamilioni viko wapi? Marekani. Basi atakayeshika kiwanda ndiye atakayechagua kipenyo. Unaweza kuita siasa, mimi naita ghala.

MWANDISHI: Nakiri hoja ya Sajini ndiyo inayonitikisa zaidi, ingawa naona ina tundu. Usanifishaji ulikuwa lazima. Haikuwa lazima usanifishaji uwe kwenye risasi mbaya. Marekani ingeweza kukubali .280 na ghala lingekuwa moja vilevile. Walioshinda hawakushinda kwa sababu ya ghala. Walishinda kwa sababu ghala lilikuwa lao.

MWALIMU: Na hata wao hawakukaa nalo. Desemba 1953 NATO ikakubali 7.62 kwa 51. Wengi Ulaya walitumaini kwamba Marekani, ikiisha kupewa risasi yake, itaichukua FAL ya Ubelgiji, ili angalau bunduki iwe moja. Uingereza ilitangaza kuichukua FAL mwanzoni mwa 1954. Mwaka 1957 Marekani ikachagua M14, ya nyumbani. Kufikia 1964 M14 ilikuwa haitengenezwi tena. Wamarekani wakahamia M16 na risasi ya 5.56, ndogo kuliko hata ile .280 waliyoiita dhaifu. Mwaka 1980 NATO nzima ikafuata. Taifa moja likawalazimisha wenzake kuoa, kisha likatoa talaka.

SAJINI: (anacheka) Na mahari hayakurudishwa.

INJINIA: Hapo ndipo watetezi wa EM-2 husimama na kusema, mnaona? Mimi ninaipenda bunduki ile, lakini hapo siwafuati. Historia imewapa haki wenye risasi. Wenye bunduki haijawapa. EM-2 ilijaa vipande vya kuchongwa kwa mashine, kimoja kimoja, kwa vipimo vya karibu sana. Mfungo wake una mabawa mawili yanayofunguka pembeni, wa jamii ya Gewehr 43 ya Wajerumani: mzuri kuutazama, ghali kuutengeneza. Na ilikuwa imeshonwa juu ya .280 kama suti. FAL ya Dieudonné Saive ilianza na risasi moja, ikapewa nyingine, ikaendelea kufanya kazi. EM-2 chache zilibadilishwa zitumie 7.62, lakini zilishapoteza ule utulivu uliokuwa sababu ya kuzaliwa kwao. Kama ningekuwa karani wa hazina mwaka 1952, nikawekewa mezani bei na hatari zake, sijui kama ningetia sahihi.

MWALIMU: Injinia! Umehama upande.

INJINIA: Sijahama. Natetea .280. Ingeweza kuishi ndani ya FAL. Iliishi humo, mwaka 1950, na hiyo ndiyo bunduki ambayo mimi ningeilaumu Uingereza kwa kuikosa: FAL nyepesi ya milimita 7, inayofyatua mfululizo bila kuruka. Ungekuwa umeibeba wewe, Mzee.

SAJINI: Mimi nilibeba ya Wajerumani.

MWALIMU: Lakini kwa risasi ileile, na hapo ndipo mambo ya Washington yanapotufikia. Tuangalie ramani yetu. Kongo, jeshi lilibaki na FAL za Wabelgiji, na makomando wa Ubelgiji waliotua Stanleyville Novemba 1964 walikuja na FAL. Januari mwaka huohuo askari wa Tanganyika Rifles, warithi wa Keya, waliasi kambi ya Colito. Makomando wa Uingereza waliotoka kwenye manowari Centaur kuwanyang'anya silaha walikuwa na SLR. Septemba likaundwa jeshi jipya, JWTZ, na Tanzania ikageukia China kwa silaha na mafunzo. Kenya ikaendelea na risasi ya NATO. Kiwanda cha Eldoret bado kinatoa 7.62 kwa 51. Kwa hiyo pale Namanga pana mpaka wa nchi mbili na mpaka wa risasi mbili, zote zinaitwa 7.62, na moja haiingii kwenye chemba ya nyingine. Hakuna Mkenya wala Mtanzania aliyekaa kwenye ule mkutano wa 1951.

SAJINI: Kilichonisumbua mimi hakikuwa mkutano. Risasi moja ya G3 ina gramu 24 hivi. Mia moja ni kilo mbili na nusu karibu, bado magazini, bado maji, bado redio ya mwenzako aliyechoka. Injinia, hiyo .280 ina uzito gani?

INJINIA: Kama gramu ishirini.

SAJINI: Gramu nne kwa kila moja. Kwa mia, nusu kilo pungufu. (ananyamaza) Si haba, lakini si muujiza. Ile 5.56 ni nusu ya 7.62. Kama mnataka kumpunguzia askari mzigo, basi Wamarekani wa miaka ya sitini ndio waliompunguzia, si Waingereza wa 1951.

MWANDISHI: Hili silisikii sana likisemwa, na naliona ni kweli. .280 ilikuwa katikati. Watetezi wake huihesabu kama mama wa risasi ndogo za leo, lakini ukiiweka kwenye mizani iko karibu zaidi na zile za zamani. Kama ingepokewa, huenda ingedumu hadi leo kwa sababu ilitosha, na 5.56 isingepata nafasi ya kuzaliwa. Huenda pia ingetupwa miaka ya sitini pamoja na wenzake.

MWALIMU: Tusisahau kwamba ule mtindo wa bulpapu Waingereza walikuja kuupata. Ni bunduki ya SA80, mwaka 1985.

SAJINI: Waingereza wanaokuja kufanya mazoezi Laikipia nimewaona nayo. Kijana mmoja aliniambia ya sasa haina shida, shida ilikuwa ya baba zao.

INJINIA: Baba zao waliteseka kweli. Katika Vita vya Ghuba vya 1991 ilikwama kwa mchanga, na ilibidi ipelekwe kwa Heckler & Koch, ikatoka miaka kumi baadaye ikiwa imebadilishwa ndani karibu yote. Nayo pia huwezi kuifyatulia bega la kushoto. Kwa hiyo yule mwenye mkono wa kushoto, Mzee, alisubiri tangu 1951 na bado hajasaidiwa.

MWALIMU: Na mwaka 2022 jeshi la Marekani limechagua bunduki mpya ya milimita 6.8. Saba kasoro kidogo! Baada ya miaka sabini wamerudi pale pale kwa Beeching. Huu si ushahidi tosha?

INJINIA: Hapana, Mwalimu, na tafadhali usiwaambie wanafunzi wako hivyo. Kipenyo kinafanana, fikra ni kinyume. Ganda lake lina milimita 51, sawa na 7.62 ya Studler. Linabeba shinikizo kubwa kiasi kwamba kitako chake kimetengenezwa kwa chuma cha pua badala ya shaba. Jopo la Beeching liliuliza kiasi gani kinatosha. Hawa wameuliza namna ya kutoboa vesti ya kisasa kwa mbali. Studler angeipenda.

SAJINI: Magazini yake?

INJINIA: Ishirini.

SAJINI: Kama G3 yangu. Na anabeba ngapi?

INJINIA: Magazini saba, risasi 140. Mwenye M4, bunduki iliyotangulia, alikuwa na 210. Bunduki yenyewe na kizuia sauti chake inakaribia kilo nne na nusu.

SAJINI: Kilo nne na nusu, risasi sabini pungufu. Kuna kijana mahali fulani anaapiza sasa hivi.

MWALIMU: Na wenzao wa NATO waliulizwa?

INJINIA: Waliamua peke yao. Wengine bado wako kwenye 5.56.

MWALIMU: Jambo lilelile ambalo Shinwell alisutwa kwalo.

SAJINI: Shinwell hakuwa na viwanda vyao, Mwalimu.